Taka Zetu na Mikorosho ya Jirani



Tumeombwa tuandike neno la mafundisho kwa ajili ya kiangazi, wakati ambapo karibu kila nyumba katika sehemu zetu hizi za Masasi hufyeka, hufagia na kuchoma taka. Tulidhani tungeandika juu ya usafi tu, kama tulivyozoea kuwaambia wanafunzi mstarini kila asubuhi. Lakini imetupasa tuandike juu ya aibu yetu wenyewe, maana fundisho tulilolipata ni kubwa kuliko aibu hiyo. Jirani tuliyemkosea ametupa ruhusa ya kuyasimulia haya, ila jina lake hatulitaji.

Ilikuwa mwezi Septemba mwaka 2024. Baba yetu alikuwa ametimiza mwaka mmoja tangu kulala katika Bwana, na mama alikuwa amemtangulia kwa miaka mingi. Tukapatana kukutana nyumbani kwao kijijini, tangu Ijumaa jioni hata Jumapili, ili tusafishe kiambo na kuweka msalaba juu ya kaburi la baba. Padre aliahidi kuja Jumapili alasiri kuubariki. Jumamosi yenyewe iliangukia tarehe 14, ambayo ni Sikukuu ya Msalaba Mtakatifu. Tukaona ni siku njema kabisa kwa kazi ya namna hiyo.

Tulikusanyika watu kumi na saba, wakubwa kwa wadogo. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu msiba, na nyasi zilizokua wakati wa mvua zilikuwa zimekauka zikiwa zimefika madirishani. Baada ya sala ya asubuhi tuligawana kazi. Vijana walishika mafyekeo na mapanga. Kina mama walifagia uwanja na kutoa vitu ndani. Sisi wazee tulisafisha makaburi kwa mikono, tukang'oa magugu na kuyapanga upya mawe. Watoto walibeba taka kwa karai na kwa toroli bovu la baba, lililolia njia nzima. Tulikuta vitu vingi vya kutukumbusha: mifuko mitupu ya salfa aliyopulizia mikorosho yake, madebe yaliyotoboka, gurudumu la baiskeli, na chungu cha mama chenye ufa. Tulicheka na kulia kidogo. Kwa kweli kazi ya pamoja ni baraka. Hata wazee wa kwanza wa misheni yetu, wale waliokombolewa katika utumwa na kuletwa Masasi na Askofu Edward Steere mwaka 1876, walianza maisha yao mapya kwa kufyeka, kujenga na kulima.

Kufika saa saba mchana uwanja ulikuwa unang'aa, na rundo la taka lilikuwa limepita kimo cha mtu: nyasi kavu, mabua, matawi, na majani ya miembe na ya mikorosho. Sasa ikawa shauri, rundo hili tulichome wapi? Katikati ya uwanja upo mwembe wa baba, ambao chini yake wageni wetu wa Jumapili wangekaa. Hatukutaka uungue wala uwanja uchafuke kwa majivu. Basi tukalisogeza rundo lote hadi mwisho wa kiwanja, penye safu ya mikonge ambayo ndiyo mpaka wetu. Ng'ambo ya mikonge ile ni shamba la mikorosho la jirani yetu.

Tunaomba msomaji alishike neno hili, kwa maana hapo ndipo kosa letu lilipoanza. Halikuanza kwa kiberiti. Lilianza pale tulipouhurumia mwembe wetu, tusiihurumie mikorosho ya mwenzetu.

Jirani huyo ni mama mjane mwenye umri mkubwa, naye ni Mwislamu. Tangu utoto tumemwita mama mdogo, kwa kuwa yeye na marehemu mama yetu walichota maji kisima kimoja, wakabebeana watoto na kuzikiana. Siku ile hakuwapo, alikwenda na wajukuu wake kwenye msiba katika kijiji kingine.

Moto ukawashwa. Ni nani aliyeuwasha hatutasema, kwa sababu sote tulileta taka na sote tulisimama kuutazama. Hatukukwatua nyasi kuuzunguka, wala hatukuweka hata ndoo moja ya maji karibu. Yapata saa nane upepo ukavuma kwa ghafla, majani yanayowaka yakaruka juu ya mikonge, na kabla hatujajua la kufanya moto ulikuwa unatembea katika majani makavu chini ya mikorosho ya mama mdogo. Tulikata matawi mabichi tukaupiga. Tulikimbilia maji, lakini kisima ni mbali. Vijana wa kijiji walikuja kutusaidia, Mungu awabariki, na saa kumi moto ulizimika.

Tulipohesabu hasara tulikuta mikorosho mitano imeungua. Miwili ilikuwa mikubwa, yenye maua na korosho changa, nayo ilikuwa imebabuka upande mzima. Mitatu ilikuwa michanga, nayo ilibaki vijiti vyeusi. Ninyi mnaoishi kwa zao hili mwajua maana yake. Mama yule alikwisha kupulizia salfa kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiri unga, na fedha ya salfa hiyo imeungua pamoja na maua. Minada ya korosho huanza mwezi Oktoba, na kwa korosho hizo wajukuu wake hununuliwa madaftari na sare za shule.

Jioni tuliketi barazani, tumechoka, nguo zetu zinanuka moshi. Mmoja wetu akasema, "Kesho tuna wageni, na Padre anakuja. Tukianza maneno haya leo, shughuli ya baba itaharibika." Mwingine akasema, "Kila mwaka wawinda panya huchoma mapori huku. Nani atajua kwamba moto huu si wao?" Ni kweli kwamba katika sehemu zetu wapo watu wachomao nyasi ili kuwinda panya, na mioto mingi ya kiangazi imesemwa kuwa ni yao. Hatukusema ndiyo. Hatukusema hapana pia. Tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa ndiyo.

Baadaye tukasali sala ya usiku. Tulipomaliza, mjukuu wetu mmoja wa miaka minane akauliza, bila hila yoyote, "Babu, kwani wawinda panya ni sisi?"

Hakuna aliyemjibu. Tukaenda kulala, lakini usingizi haukuja.

Ndugu wapendwa, usiku ule Maandiko tuliyoyasoma tangu ujana yalikuja kutugongea mlango. Tulikumbuka kwanza sheria ya Musa katika Kutoka 22:6. Hapo Mungu anasema habari ya mtu aliyewasha moto, ukashika miiba, ukateketeza nafaka ya mwenziwe, iwe imekwisha kukatwa au ingali imesimama shambani. Mtu huyo hana budi kulipa. Angalieni kwamba sheria hiyo haiulizi kama alikusudia au hakukusudia. Haiulizi upepo ulitoka wapi. Inauliza ni nani aliyewasha. Sisi tulikuwa tumejitetea moyoni kwa kusema, "Hatukukusudia." Kumbe neno hilo laweza kupunguza ubaya wa nia, lakini halioteshi mkorosho.

Tena tulimkumbuka Adamu. Alipoulizwa na Mungu bustanini, alimtaja mkewe, na mkewe akamtaja nyoka. Tangu siku hiyo wanadamu hatujakosa mtu wa kumtaja. Adamu alikuwa na Hawa, nasi tulikuwa na wawinda panya. Kumsingizia mtu ambaye hayupo huonekana kosa jepesi, kwa kuwa hakuna anayetokea kutukanusha. Lakini Mungu alikuwapo uwanjani saa nane mchana.

Zaidi ya yote tulikumbuka mafundisho ya Bwana wetu katika Mathayo sura ya 5, aya ya 23 na 24, kwamba mtu aletaye sadaka madhabahuni, akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane naye, ndipo arudi kuitoa. Mara ngapi tumelisoma somo hilo! Mara ngapi tumewaeleza vijana wa Kipaimara! Nasi asubuhi yake tulikuwa tumejiandaa kwenda Ekaristi na sadaka ya shukrani ya familia, imefungwa katika bahasha, na majina yetu yameandikwa juu yake vizuri.

Alfajiri ya Jumapili, kabla ya mtu kuitwa, wakubwa wote tulikuwa tumekwisha kuamka. Hatukufanya kikao kirefu. Aliyesema habari ya wawinda panya ndiye aliyetangulia njiani. Tukapita ule mpaka wa mikonge, tukaufikia mlango.

"Hodi, mama mdogo."

"Karibuni, wanangu."

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mmelalaje?"

Tukamwambia kwamba hatukulala, tukamweleza yote tangu mwanzo. Tulimwambia jinsi tulivyolisogeza rundo ili kuukinga mwembe wetu. Tulimwambia na lile shauri la barazani, maana tuliona kwamba tukilificha hilo tutakuwa tumeleta nusu ya toba. Yeye alitusikiliza akiwa amekaa juu ya mkeka, tasbihi yake mkononi. Tulipokwisha alikaa kimya kitambo, ndipo akasema:

"Nilirudi usiku, nikaona moshi ungali unatoka chini ya miti yangu. Nikasema moyoni, kesho wataniambia ni wawinda panya. Miaka iliyopita moto ulipita hapa ukala ghala langu, wala hakuja mtu. Mpaka leo hakuja mtu."

Maneno hayo yalituingia kama mwiba. Basi mama huyu alikuwa amelala na hasara, na pamoja na hasara alilala na uongo wetu, ambao aliutazamia kabla hatujausema. Tukaomba radhi. Tukamwuliza tumlipe nini. Hapo hakujifanya tajiri, wala hakusema yaishe tu kama watu wasemavyo kwa adabu. Alisema, "Malipo siyakatai, maana wajukuu wanasoma kwa korosho hizo. Lakini mngeleta malipo bila kuja wenyewe, ningewarudishia."

Ndugu, hebu tulifikiri neno hilo. Mtu aliyekosewa anahitaji vitu viwili, naye hawezi kupewa kimoja badala ya kingine. Anahitaji mali yake irudi, na anahitaji kuiona sura ya mtu akikiri kwamba alimkosea. Sisi Wakristo wakati mwingine tunatoa machozi bila malipo, na wakati mwingine tunatuma malipo bila kutia mguu. Zakayo, tunayemsoma katika Luka 19, alifanya yote mawili. Alisimama mbele ya watu, na alifungua mfuko.

Habari ya kiasi cha malipo, tuliongozwa na kitabu cha Hesabu, sura ya 5. Hapo mkosaji anaamriwa aungame, alipe kamili, kisha aongeze sehemu ya tano. Sisi tuliozoea kufundisha hesabu za sehemu darasani tuliona kwamba safari hii hesabu ni rahisi mno: mikorosho iliyoungua ni mitano, na sehemu ya tano ya mitano ni mmoja. Basi tukaweka mikorosho sita ya baba, ile yenye kuzaa vizuri, mavuno yake yawe ya mama mdogo. Fedha ya salfa tulimpa siku ile ile. Tena tuliahidi kupanda miche mitano bora mara mvua zitakapoanza, na kwa kuwa mkorosho huanza kuzaa yapata mwaka wa tatu, mavuno ya ile sita yatakuwa yake mpaka michanga hiyo izae. Tukamwita mwenyekiti wa kitongoji, tukayaandika hayo mbele yake. Twafurahi kuwaambia kwamba miche ilipandwa, na korosho za mwaka ule wa 2024 zilipimwa katika chama cha msingi kwa jina lake.

Na ile bahasha ya sadaka? Yote iliyokuwamo ndiyo iliyolipa salfa. Tulikwenda kanisani tumechelewa, Injili imekwisha kusomwa, na mikono yetu ni mitupu. Lakini ilipofika saa ya kupeana amani, saa ambayo Kanisa limeiweka kabla ya matoleo kwa sababu ya lile lile agizo la Bwana, tuliwashika watu mikono bila kuinamisha macho.

Alasiri Padre alikuja, msalaba ukasimamishwa, tukaimba na kusali. Nyuma ya watu alisimama mama mdogo na wajukuu wake, wamekuja kumwona, kama alivyosema yeye, kaka yake. Mwembe haukuwa na kovu hata moja. Ng'ambo ya mikonge mikorosho mitano ilikuwa myeusi, na kila mgeni aliyeuliza tulimwambia, "Ni moto wetu."

Basi tuna mafundisho matatu ya kuwaachia.

Kwanza, uchafu uliosogezwa si uchafu uliokwisha. Tunaweza kuwa na uwanja unaong'aa, kumbe taka zetu ziko kwa jirani. Ndivyo afanyavyo mtu amwagaye maji machafu yakatiririka mlangoni kwa mwenzake. Ndivyo afanyavyo mzazi apelekaye mtoto mkorofi kwa bibi yake aliyezeeka, asirudi tena kuuliza. Hata sisi walimu tumewahi kumhamishia mwenzetu mwanafunzi msumbufu, kisha tukajisifu kwamba darasa letu sasa lina adabu. Na katika mambo ya roho, ni mara ngapi tumemtwika mtu mwingine dhambi yetu, ili sisi tuonekane safi? Kristo hakutusafisha kwa kuusogeza uchafu wetu kwa mtu mwingine. Aliuchukua mwenyewe juu ya msalaba. Atakaye kumfuata hana budi ayachukue yaliyo yake.

Pili, toba ina miguu. Kumwambia Mungu gizani kwamba tumekosa ni mwanzo, lakini kama jirani yupo hai na mlango wake uko wazi, Mungu mwenyewe anatutuma huko. Wala tusiulize kwanza kama jirani huyo ni wa kanisa letu. Bwana alipoulizwa jirani ni nani, alitoa mfano wa Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wake hawakusali naye. Moto wetu haukuuliza dini ya mwenye shamba.

Tatu, hekima ya kazi nayo ni sehemu ya upendo. Kwa hiyo twawasihi kiangazi hiki: majani makavu mengi hayana haja ya kuchomwa, yachimbieni shimo yaoze yawe mbolea. Likiwapo la lazima kuchomwa, lichomeni ndani ya shimo, katikati ya kiwanja chenu wenyewe, mbali na mpaka. Kwatueni nyasi pande zote kwanza. Chagueni wakati ambapo upepo umetulia, wala si mchana. Wekeni maji na matawi mabichi karibu, mwambieni jirani kabla ya kuwasha, na asiondoke mtu mpaka majivu yapoe. Na kama, pamoja na hayo yote, moto utavuka, basi nanyi vukeni upesi, kabla jua halijachwa.

Yule mjukuu wetu tumemjibu. Tulimwambia, "Ndiyo, mwanangu, wawinda panya walikuwa ni sisi." Akafikiri kidogo, akauliza kama na yeye atakwenda kumwagilia ile miche. Huenda kila likizo.

Tuombe.

Ee Mungu, wewe unayeziona taka zetu tulizozificha nyuma ya mpaka, utupe moyo wa kukiri na miguu ya kwenda. Uwafariji wote walioungukiwa na mali zao wala hakuja mtu. Usafishe nyumba zetu na mioyo yetu pamoja, hata jirani zetu wafurahie usafi wetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.